Petroli Haisemi

Mdogo wangu alilileta gari la petroli siku ya Jumamosi, akaliegesha pale pale anapokaa Mzee siku zote, akashuka anatabasamu kama mtu aliyeniletea zawadi. Nikaliangalia. Jeupe, refu, linang'aa mpaka unaweza kuchana nywele kwa kujitazama mlangoni. Nikamuuliza hili ni la kumpelekea bibi harusi au ni la kazi. Akasema ni la kazi.

"Kazi gani?"

"Kuvuta trela, Dada. Kazi yetu."

"Trela ya nini? Ya mito na magodoro?"

Akacheka. Mdogo wangu ana ubaya huo, ukimtukana anacheka, halafu anafanya alichokuwa anataka kufanya. Nikaingia ndani nikafunga mlango, na nadhani niliufunga kwa nguvu kidogo, kwa sababu fremu ya picha ya Baba ilianguka.

Sisi tunavuta trela. Mtu ana trekta limeharibika shambani, ana mashine ya kuchanganya zege, ana mtambo wa kupasulia mbao, sisi ndio tunaupakia, tunaufunga minyororo na kuufikisha. Baba ndiye aliyeianza kazi hii. Alipofariki alituachia uwanja wa kuegeshea, trela mbili, na Mzee. Mzee si mtu. Ni pikapu kubwa ya dizeli, rangi yake ya kwanza imesahaulika, na mimi ndiye dereva wake kwa miaka ishirini na miwili sasa. Mdogo wangu anashughulika na wateja na simu. Hajawahi kuvuta hata mkokoteni.

Tangu mvua zianze Mzee alikuwa anakohoa. Fundi wetu, ambaye tunamwita Fundi tu kwa sababu hakuna mwingine tunayemwamini, alimfungua kifuani akatoa vyuma akavipanga kwenye gunia, akasema pampu ya dizeli imekwisha. Nyingine itaagizwa mbali, miezi miwili, huenda mitatu. Ndipo mdogo wangu akaanza kuja na habari zake. Eti siku hizi petroli inavuta sawasawa na dizeli. Eti dizeli mpya zina machujio ya moshi yanayoziba kila mara na kumfanya mtu akeshe gereji, lakini injini ya petroli fundi yeyote wa kona anaijua. Eti asubuhi ya baridi unawasha mara moja tu, hungoji.

Nikampa jibu lake. Dizeli inavuta kuanzia chini. Unaikanyaga kidogo tu, inaushika mzigo taratibu na kuondoka nao bila maneno. Petroli mpaka uichochee ndipo ikumbuke kwamba kuna kitu nyuma. Tena inakunywa. Na mteremkoni Mzee ana breki ya moshi, unavuta kirungu, injini yenyewe inakushikia mzigo mpaka chini, wewe unakaa unapiga miayo. Hilo lako jeupe litashikia nini?

Yote hayo ni kweli, na niliyasema kwa sauti mpaka jirani akachungulia. Lakini siyo yaliyokuwa yananikera. Lililonikera sikumwambia mtu.

Nitakwambia wewe, kwa sababu hunijui. Sikio langu la kulia limekufa. Halina kitu. Ukininong'oneza upande huo ni sawa na kuunong'oneza ukuta. La kushoto lipo lakini limechoka, linachagua. Sauti nzito linashika, sauti nyembamba zinapita juu kana kwamba hazinihusu. Honi, simu, kengele ya baiskeli, sauti za watoto, zote zilianza kuniaga moja moja miaka mitatu iliyopita. Bomba la moshi la Mzee linatokea nyuma tu ya dirisha langu, na dirisha hilo sijawahi kulifunga kwa sababu ya joto. Piga hesabu mwenyewe, miaka ishirini na miwili.

Utaniuliza nimewezaje kuficha. Rahisi kabisa. Ndani ya Mzee kila mtu anapiga kelele. Abiria akitaka kuniambia geuka kushoto, inabidi apayuke mpaka mishipa ya shingo imtoke, la sivyo hata mtu mwenye masikio manne hatamsikia. Kwa hiyo ndani ya Mzee mimi nilikuwa mzima kama wewe. Na Mzee mwenyewe nilimsikia kwa mgongo, kwa nyayo, kwa kiganja kilichokaa juu ya gia. Tairi ikipungua upepo, kiti kinaniambia. Trela ikiyumba, najua kabla ya kutazama kioo. Watu walikuwa wanasema huyu dada ana kipaji.

Nje ya gari nilikuwa na mbinu zangu. Natazama midomo. Nakaa kulia kwa mtu ili awe kushotoni kwangu. Mambo yakinishinda naitikia kwa kichwa na kusema "sawa," na ajabu ni kwamba watu wengi hawahitaji zaidi ya hapo. Wapo wanaosema siku hizi naringa, nikiitwa sigeuki. Wacha waseme. Afadhali niitwe mwenye maringo kuliko niitwe kiziwi, kwa sababu mwenye maringo anapewa trela ya tani nne, kiziwi hapewi. Nikigundulika ninashuka kwenye kile kiti, na mimi nje ya kile kiti sijijui ni nani.

Sasa mdogo wangu ananiletea gari ambalo ndani yake watu wananong'ona.

Aliyemuuzia alimpa wiki moja: likiwafaa kaeni nalo, lisipowafaa lirudi Jumamosi. Mdogo wangu akapanga kwamba Alhamisi tutavuta trekta la mteja hadi shambani kwake, ng'ambo ya mlima, na yeye atapanda nami. "Likivuta vizuri tunabaki nalo, Mzee tunamuuza vipande," akasema. "Likikukataa, ninalirudisha, tunangoja pampu hata miezi sita. Wewe ndiye dereva. Neno lako ndilo la mwisho."

Nikamwambia neno langu ninalo tayari. Akasema nilitunze mpaka Alhamisi.

*

Alhamisi asubuhi niliamka na hasira zangu zimeamka kabla yangu. Trekta lilikuwa juu ya trela tangu jana yake, nimelifunga mwenyewe, minyororo minne, kila mmoja nimeuvuta mpaka ukanyooka. Nikarudisha gari nyuma polepole, Fundi akiniongoza kwa mikono, tukaunganisha, nikachomeka waya wa taa na wa breki. Nikakaa kwenye kiti. Kilikuwa laini, kinakupokea kama kochi la wageni. Nikafunga mkanda, nikageuza ufunguo.

Fundi akaruka. Akaweka mikono yote miwili kichwani, kisha akaja mbio dirishani na uso umekunjamana.

Gari lilikuwa linawaka tayari. Sikuwa nimelizima. Nimewasha injini inayowaka, meno ya starta yakasagana, na kila mtu uwanjani pale amesikia isipokuwa mimi niliyeshika ufunguo.

"Dada Mkubwa," Fundi akasema, na bahati nzuri alikuwa anapaza sauti, "utanivunjia starta. Injini inaunguruma, husikii?"

"Inaunguruma wapi?" nikamjibu. "Gari hili haliungurumi, linapumua. Nani atajua kama linawaka au limelala?"

Mdogo wangu akacheka. Fundi hakucheka. Aliniangalia kidogo tu, mtazamo ule anaotumia akisikiliza injini, kisha akafuta mikono na kuondoka. Nikaliondoa gari kabla hajageuka.

Barabarani mambo yakawa mabaya kama nilivyotarajia. Mdogo wangu ana sauti ya mtu anayeongea msibani. Ndani ya Mzee alikuwa anajilazimisha kupayuka kama wengine, lakini humu, madirisha yamefungwa na kiyoyozi kinapuliza, alistarehe. Akaegemea, akaanza kunisimulia. Nilishika maneno mawili matatu, mteja, barabara, jambo fulani kuhusu mke wake. Siwezi kumtazama midomo, natazama njia. Nikawa naitikia kwa kichwa. Nikasema "sawa." Nikasema "ndio watu hao." Akaniangalia, nikajua nimejibu kisichokuwapo. Nikawasha redio ili iwe sababu. Akaizima.

"Redio ya nini? Furahia utulivu."

Utulivu. Nilitamani kulipiga teke hilo gari nikiwa ndani yake.

Halafu ikaja mipando, na hapo ndipo nilipokuwa nimelingojea. Nilisema moyoni, leo utaaibika, bwana mweupe, tani nne hizi si magodoro. Nikaingia mlima bila kulisaidia, sikuchukua mwendo chini, sikufanya chochote ambacho ningemfanyia Mzee. Gari likajikuna kidogo, likashusha gia lenyewe, mara moja, mara ya pili, mshale wa mizunguko ya injini ukaruka juu. Mdogo wangu akashika sikio akasema kwa nguvu, "Mama yangu, linavyolia." Mimi sikusikia kilio chochote. Nilisikia kitu kama mtu anayepiga pasi chumba cha pili. Ila kioo kilinionyesha ukweli: miti inarudi nyuma vizuri, lori la mchanga tuliloingia nalo mlimani linabaki. Tulifika juu bila joto kupanda, bila harufu, bila kitu.

Sijui kama umewahi kukasirika kwa sababu kitu kimefanya kazi vizuri. Inauma vibaya. Nikamwonyesha mshale wa mafuta.

"Tazama. Tumeondoka tangi limejaa. Mlima mmoja tu, robo imekwenda. Huyu ni mlevi."

Akasema kitu. Alikuwa anatabasamu, kwa hiyo nadhani kilikuwa kizuri.

Mteremkoni nilikanyaga breki mara moja, gari likaelewa, likashusha gia na kushikilia. Si kama Mzee, lakini lilishikilia. Kila lilipobadilisha gia lilikuwa linanivuta kidogo mgongoni, kamtikiso kadogo, na nikawa naapa kila likifanya hivyo. Tulipofika tambarare mdogo wangu alikuwa amelala. Amelala fofofo, mdomo wazi, kichwa kwenye kioo. Hakuna mtu aliyewahi kulala ndani ya Mzee tangu dunia iumbwe. Nilimtazama nikasema, basi ndiyo imekwisha. Anayelala hivi hawezi kulirudisha gari.

Kamtikiso kengine kakanivuta. Nikaapa tena nikaendelea.

Baada ya muda nikaona taa kiooni. Lile lori la mchanga limetukuta, linawasha na kuzima taa. Nikadhani lina haraka, nikafungua dirisha nikamtolea mkono apite. Hakupita. Akawasha tena. Nikasema huyu naye ana lake, barabara yote ni yake, anataka nini. Nikamtolea mkono tena, safari hii kwa hasira. Hasira zangu za siku ile zilikuwa zinatafuta mtu, na huyo alijipeleka mwenyewe.

Ghafla mdogo wangu alikurupuka usingizini kama aliyemwagiwa maji. Akatazama kioo cha upande wake, akanishika mkono wa kushoto kwa kucha. Uso wake ulitosha. Niliweka gari pembeni.

Nikashuka na kuzunguka. Tairi la nyuma la kushoto la trela halikuwapo. Lilikuwa limebaki rimu tu, imeliwa na lami mpaka imekuwa mraba, inatoa moshi. Mpira uliokuwa unapigapiga ulikuwa umeng'oa kibati cha matope, na kibati kikaenda kuufungua mnyororo wa nyuma. Mnyororo wa pili ulilegea. Trekta lilikuwa limesogea shubiri mbili, gurudumu lake kubwa linaning'inia nusu nje ya trela. Nyuma yetu lami ilikuwa na mfereji mweupe uliochorwa na chuma, nikaufuata kwa macho hadi ulipopinda na kupotea.

Mbele yetu, mita mia tatu hivi, barabara ilikuwa inaingia sokoni. Niliwaona watu wamekaa ukingoni mwa lami na mafungu yao ya nyanya, mgongo kwa barabara, kama watu wanavyokaa mahali wanapopita madereva wanaojua kazi yao.

Dereva wa lori la mchanga alishuka. Mtu mzima, amevaa kandambili, amejaa ghadhabu, na sauti yake ilikuwa nzito, sauti ya kwangu kabisa, sikukosa hata neno moja.

"Kilomita nne," akasema. "Kilomita nne nakupigia honi. Chuma kinalia mpaka watu wanatoka majumbani. Moto unaruka. Wewe unanipungia mkono. Wewe dada ni kiziwi?"

Alisema tu kama watu wanavyosema wakikasirika. Hakujua. Lakini nikatazama kandambili zake, mimi ambaye sijawahi kukosa jibu la dereva mwenzangu. Akatema mate pembeni, akapanda lori lake akaondoka.

Nikageukia gari. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Si unaona?" nikamwambia mdogo wangu. "Si nilikwambia? Gari halisemi. Mzee angeniambia zamani. Kwenye Mzee hata kokoto ikikwama kwenye tairi ninaijua. Hili limekaa kimya kama halimo, trela inateketea huku nyuma. Gari gani hili? Unamwekaje mtu ndani ya kabati halafu umwambie avute mzigo?"

Niliongea mno. Nilijisikia nikiongea. Yeye akaenda kuleta jeki na spana.

Tulifanya kazi. Nilipanda juu ya trela nikavuta minyororo upya, kwa pupa mpaka kulabu ikanikwaruza. Miaka ishirini na miwili sijawahi kuangusha mzigo wa mtu. Si mara moja. Hilo nilikuwa nalisema kila mahali, kwenye harusi, kwenye misiba, nikiulizwa na nisipoulizwa. Na sasa nimekaa karibu na gurudumu linaloning'inia, nikitazama yale mafungu ya nyanya, nikijua kwamba dakika moja zaidi ningeingia pale katikati nikiwa nimeweka kiwiko dirishani, nawatukana watu wanaojaribu kuniokoa. Nikashuka nikanawa uso kwa maji ya dumu.

Mdogo wangu alikuwa amechuchumaa anafungua nati za rimu, mgongo wake kwangu. Akasema jambo. Niliona mabega yake yakienda na maneno. Nilishika mawili, "gari" na "kesho." Kisha akatulia, spana mkononi, hakugeuka. Alikuwa anangoja.

Nilijua alichosema. Huhitaji masikio kwa hilo. Alikuwa ananiuliza kama ni gari, na kama ni gari, kesho linarudi. Neno langu ndilo la mwisho, alisema mwenyewe. Nilichotakiwa kufanya ni kile kile ninachofanya kila siku, kila saa, kwa kila mtu, dukani, kanisani, mezani kwangu. Kuitikia tu. "Sawa." Herufi nne. Mzee anarudi, kelele zinarudi, mimi narudi kwenye kiti changu, na watu wa nyanya hawatajua chochote.

Shingo ilikwishaanza kuinama. Ina mazoea.

"Sikusikia," nikasema.

Akageuka.

"Sikusikia ulichosema. Rudia."

Tangu miaka mitatu ile sikuwa nimelitamka neno hilo mbele ya mtu. Lilitoka likiwa na kutu. Mdogo wangu alinitazama, akapaza sauti kidogo. "Nimesema kama ni gari, sema tu. Kesho linarudi."

"Si gari," nikamwambia. "Ni mimi."

Akasimama. Nikamwonyesha sikio la kulia, kama mtu anayeonyesha jino bovu, nikasema hili limekufa, na hili jingine linaelekea huko huko. Nikasema honi siisikii. Nikasema asubuhi sikujua injini inawaka. Njiani ulikuwa unanisimulia habari za mkeo, sijui ni habari gani, nimekuitikia tu.

"Nilikwambia alilazwa hospitali juzi kutwa nzima," akasema. "Ukasema ndio watu hao."

Nikafunga macho. Nilipoyafungua alikuwa amekaa chini kwenye changarawe, mgongo kwenye rimu, na uso wake haukuwa wa kunihurumia. Alikuwa amekasirika. Nilishukuru, kwa sababu huruma ningeipiga teke.

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu. Huenda minne."

"Na umekuwa unabeba watu. Umenibeba mimi. Mwaka jana ulimbeba mwanangu mpaka shuleni kwake."

"Ndiyo."

"Na ndani ya Mzee? Mbona ulikuwa unanijibu vizuri?"

"Mlikuwa mnapiga kelele wote," nikasema.

Nadhani alitaka kucheka, uso ukaanza, ukakataa. Akainuka, akamalizia nati ya mwisho, tukaweka tairi la akiba. Akafuta mikono kwenye suruali yake safi, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani, kisha akaninyooshea kiganja.

Nikajua anataka nini. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nitasema kweli, nilikaa nao pale muda mrefu kuliko inavyostahili. Nilimwambia yeye hajawahi kuvuta trela. Akasema basi atavuta polepole. Nikamwambia atapinda vibaya sokoni. Akasema, akinitazama usoni na kutoa kila neno nje ya mdomo kama mtu anayehesabu nazi, "Basi utanifundisha. Jumatatu tunakwenda hospitali ya masikio. Wakikupa kifaa na wakasema unaweza, tutazungumza. Mpaka hapo huendeshi. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Nikampa.

Sikuwahi kukaa kiti cha kushoto. Nilipofunga mkanda ndipo nikagundua ubaya wake: huku, sikio langu lililo hai linatazama dirisha, na lile lililokufa ndilo linalomtazama dereva. Akiongea, inabidi nigeuke mwili mzima kumfuata, magoti na yote. Tulipita sokoni kwa mwendo wa kobe. Nilikuwa nimegeuka hivyo, natazama mikono yake kwenye stelingi, nikimwambia pana, pinda pana zaidi, trela haifuati njia yako, inakata ndani, usiikimbilie breki, iguse tu. Alikuwa anatoka jasho na kiyoyozi kinapuliza. Mama mmoja wa nyanya alituinulia macho, akarudi kwenye mafungu yake.

Trekta tulilifikisha. Tulirudi alasiri na trela tupu, yeye ndiye anayeendesha, mimi nimegeuka mpaka shingo inauma.

Alipoingia getini aligonga nguzo kidogo. Nikafungua mkanda. Mzee alikuwa pale pembeni alikosukumwa kupisha, boneti wazi, vyuma vyake kwenye gunia. Fundi alitoka chini ya gari jingine akifuta mikono, akaona nani yuko kwenye stelingi, akasimama. Kisha akaja, lakini akaja upande wa kulia kwangu nilipokuwa nashuka, na midomo yake ikafanya swali.

Mdogo wangu alinitazama. Hakulijibu yeye. Alikuwa ameahidi neno la mwisho ni langu, na ana ubaya huo pia, hasahau ahadi.

"Njoo upande huu," nikamwambia Fundi, nikamgeuzia sikio la kushoto. "Ule hausikii. Sema tena."

Akazunguka. Akasema tena, kwa sauti, "Nimeuliza, linavuta?"

Nikamtazama Mzee mara moja.

"Linavuta," nikasema.